Tukishuka Mombasa, Tuone Nini?

Kila likizo ikikaribia, ndugu zetu wakaao Gatongora, upande wa Ruiru, hufunga safari ya kushuka Mombasa. Nauli ya watu sita hukusanywa mwaka mzima. Likizo iliyopita tulimwuliza kijana wao mmoja ameona nini huku. Akajibu: "Bwawa la hoteli."

Hatukatazi starehe. Kuoga baharini ni halali, maadamu stara imehifadhiwa. Lakini twawaomba wazazi watenge siku mbili.

Siku ya kwanza, ingieni Mji wa Kale. Itazameni Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698. Kisha mpite kwa miguu hadi Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570.

Siku ya pili, nendeni Gede, yapata kilomita 100 kaskazini, njia ya Malindi. Wenyeji wake walikuwa Waislamu wenye neema. Vyombo vya kaure vya China vimefukuliwa humo. Katika karne ya 17 mji ukahamwa. Leo mapaa yameanguka na miti mikubwa imeota juu ya kuta. Lakini kibla cha msikiti mkuu kingali kimesimama, na kisima cha udhu ki kando yake.

Mama, msimamishe mwanao hapo, umwulize: katika mali yote ile, kimebaki nini? Jibu lake ndilo zawadi ya kurudi nayo nyumbani.

Wabillahi tawfiq.