Kitanda Usichokilalia: Kupima Ubora wa Makazi ya Wazee Guangzhou

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sijui kama kuna mahali methali hii inafaa zaidi kuliko kwenye makazi ya wazee. Mtoto anayeyachagua halali humo. Anayelipa ada halali humo. Mkaguzi wa serikali hupita mchana na kuondoka. Anayelala humo ni mzee, naye mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa. Makala hii inajaribu kujibu swali moja: tunajuaje kwamba mahali anapotunzwa mzee ni pazuri kweli?

Hapa Guangzhou swali hili si la nadharia. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba China ina watu wapatao milioni 264 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, sawa na asilimia 18.7 ya watu wote. Sera ya mtoto mmoja, iliyoanza mwaka 1980 na kufikia kikomo mwishoni mwa 2015, imeacha ndoa nyingi ambazo mume ni mtoto wa pekee na mke ni mtoto wa pekee. Wawili hao wana wazazi wanne wa kuwatunza, na pengine mtoto wa kumpeleka shule. Sheria ya nchi, iliyoanza kutumika kwa sura yake mpya Julai 1, 2013, inawataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wao kuwatembelea au kuwajulia hali mara kwa mara. Lakini sheria haiongezi saa katika siku, na familia nyingi hujikuta zikitafuta makazi ya kulelea wazee.

Sisi wasemaji na wanafunzi wa Kiswahili tusidhani jambo hili ni la Wachina peke yao. Zanzibar ina makazi ya Sebleni na Welezo. Tanzania Bara ina Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, na mengineyo. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliweka wazee kwenye asilimia 5.7 ya watu wote. Idadi hiyo ni ndogo kwa kulinganisha na China, lakini ni mamilioni ya watu.

Alama elfu moja

China ina kiwango cha taifa cha kupanga makazi ya wazee katika madaraja matano, kilichotolewa Desemba 2018 na kuanza kutumika Julai 2019. Jumla ya alama ni 1,000. Mazingira yana alama 120, majengo na vifaa 130, uendeshaji 150, na huduma zenyewe 600. Mgawanyo huu una funzo kubwa. Bustani, lifti, sakafu ya kung'aa na televisheni kubwa ukumbini, vyote kwa pamoja havifikii nusu ya kile kinachotolewa kwa mikono ya wahudumu. Hata hivyo, mgeni anayetembelea makazi kwa nusu saa huona zaidi bustani na sakafu.

Daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, alieleza tatizo hili mwaka 1966 alipoandika kuhusu kupima ubora wa tiba. Alitenganisha mambo matatu: kilichopo, kinachofanyika, na kinachotokea kwa mgonjwa. Tukitumia mgawanyo wake, kengele iliyo kando ya kitanda ni kilichopo. Muda anaotumia mhudumu kufika baada ya kengele kulia ni kinachofanyika. Mzee kufika chooni kabla hajajilowesha ni kinachotokea. Mtu anaweza kuhesabu kengele zote za jengo zima na asijue lolote kuhusu choo.

Hata alama zilizopangwa vizuri zina udhaifu wake, hasa pale anayepimwa anapojipima mwenyewe. Marekani ilianza kuyapa makazi ya wazee nyota moja hadi tano Desemba 2008. Kwa miaka kadhaa, idadi ya wahudumu ilitokana na taarifa za makazi yenyewe. Ndipo kuanzia 2016 yakatakiwa kuwasilisha takwimu zinazotokana na orodha za mishahara, kwa sababu mshahara uliolipwa huacha alama inayoweza kukaguliwa.

Hatari tisa

Kiwango kingine cha China, ambacho ni cha lazima tangu Januari 1, 2022, kinahusu usalama. Kinataja hatari tisa ambazo kila makazi lazima yajikinge nazo: kukabwa na chakula, kula au kumeza kwa makosa chakula au dawa isiyofaa, vidonda vya kulalia, kuungua, kudondoka kitandani, kuanguka, kujidhuru au kudhuriwa na mwingine, kupotea, na ajali wakati wa michezo na burudani.

Orodha hii ni nzuri, nami ningependa ibandikwe kwenye kila makazi ya wazee Afrika Mashariki. Lakini isomwe kwa makini. Tuseme makazi fulani yanajisifu kwamba mwaka mzima hakuna mzee aliyeanguka. Huenda wahudumu ni hodari. Huenda pia wanaoanguka hawaandikwi. Au huenda wazee hawaruhusiwi kusimama kabisa, wamekalishwa kwenye viti tangu asubuhi hadi jioni, maana asiyetembea haanguki. Usalama wa namna hiyo huuondoa uhai kidogo kidogo, na kwenye karatasi unaonekana kama mafanikio.

Vidonda vya kulalia ni kipimo kigumu zaidi kudanganya. Mzee asiyeweza kujigeuza anahitaji mtu wa kumgeuza usiku na mchana, kwa saa zinazojulikana. Zamu moja ikizembea, ngozi itasema.

Kijiko kiko mkononi mwa nani?

Guangzhou ni mmoja wa miji 15 iliyochaguliwa mwaka 2016 kujaribu bima ya utunzaji wa muda mrefu, na ilianza kuitekeleza Agosti 2017. Ili kujua nani anastahili, wapimaji walitumia kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965. Kipimo hiki huangalia mambo kumi ya kila siku, kama vile kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kupanda ngazi. Jumla yake ni alama 100, na asiyezidi alama 40 alihesabiwa kuwa mtegemezi sana. Anayekula mwenyewe hupata alama 10. Anayesaidiwa hupata 5.

Kipimo hiki kinampima mzee, si makazi. Lakini kikirudiwa, kinaanza kuwapima hata wahudumu. Fikiria bibi aliyeingia akiwa anashika kijiko mwenyewe, ingawa polepole, na nusu ya uji wa mchele unamwagika. Mhudumu ana wazee wanane wa kuwalisha na dakika arobaini. Kumlisha ni haraka kuliko kumngoja. Baada ya miezi sita mkono umesahau kazi yake, na bibi amepoteza alama tano bila kuugua. Hakupigwa wala hakutukanwa, na alishiba kila siku. Ila alinyang'anywa kijiko. Kuna uzee unaodhoofisha, na kuna huduma inayodhoofisha. Anayepima ubora ni lazima ajue tofauti yake.

Mzee anaumwa kwa lugha gani?

Hapa ndipo somo linapogusa chama chetu. Wazee wengi wenyeji wa Guangzhou wamekulia kwenye Kikantoni. Wahudumu wengi ni wanawake wa makamo waliotoka vijijini na mikoa mingine, nao huzungumza Kichina sanifu chenye lafudhi za kwao. Mzee mwenye akili timamu hubahatisha, na mhudumu naye hubahatisha, wakaelewana. Lakini maradhi ya kusahau yanapoingia, inajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa hupoteza kwanza lugha waliyojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni. Wakati huo mzee anayesema kitu cha maana anaweza kuandikwa kwamba anapayuka.

Tulitafakari hili kwa Kiswahili. Maumivu kwetu si neno moja: kunauma, kunachoma, kunawasha, kunakata, kunapwita. Kila neno linamwelekeza tabibu kwingine. Mhudumu anayejua kuuliza "unaumwa?" tu atajibiwa ndiyo au hapana, basi. Na tusisahau kwamba Kiswahili nacho kinaweza kuwa lugha ya mhudumu badala ya kuwa lugha ya mzee. Bibi wa Lushoto aliyeishi maisha yake yote kwa Kisambaa anaweza kuwa mpweke kwenye makazi ya Kiswahili kama alivyo mpweke bibi wa Guangzhou kwenye makazi ya Kichina sanifu. Sisi tunaofurahia kukua kwa Kiswahili tuna wajibu wa kuliona hilo.

Mgeni aangalie nini?

Kwa ndugu atakayetakiwa kuchagua makazi, awe hapa au nyumbani, napendekeza mambo haya. Fika saa za chakula, wala si saa za maonyesho. Tazama nani anangojwa na nani anaharakishwa. Uliza usiku kuna wahudumu wangapi, maana mchana si kigezo. Uliza wahudumu wamedumu hapo muda gani. Mhudumu anayebadilika kila mwezi hajui kwamba babu fulani hunyamaza anapokuwa na homa. Omba kuona daftari la matukio, na ukikuta limejaa usikimbie. Soma kilichofanyika baada ya kila tukio. Nusa korido. Sikiliza wazee wanaitwaje: kwa jina na heshima yao, au kwa namba ya kitanda.

Mwisho, kaa na mzee mmoja asiye ndugu yako, bila msimamizi kusimama karibu, na uongee naye kwa lugha yake. Kama huijui, tafuta mtu anayeijua. Usimwulize kama anaridhika, kwa sababu anayemtegemea mtu kwa maji ya kunywa atasema anaridhika. Mwulize jana usiku aliamka mara ngapi, na nani alikuja. Madaraja matano na alama elfu moja vina kazi yake, na nchi zetu zinavihitaji. Lakini kunguni wa kitanda anawajua aliyekilalia.