Panama Machoni mwa Mtafuta Makazi

Panama ni nchi ya watu wapatao milioni nne, iliyoko kwenye ukanda mwembamba wa ardhi unaounganisha Amerika ya Kaskazini na ya Kusini. Kwa miaka mingi imewavutia wastaafu, hasa kutoka Marekani na Kanada. Mwenye pensheni ya kudumu isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi anaweza kuomba ukaazi. Akinunua nyumba au ardhi yenye thamani ya dola 100,000 au zaidi, kiwango hicho hushuka hadi dola 750. Wengi hutangulia kufika kwa ziara fupi ya kuichungulia nchi, na uamuzi wa kuuza nyumba walikotoka hutegemea kile walichokiona katika siku hizo chache.

Wanachokiona kwanza ni Jiji la Panama: maghorofa yaliyojipanga kando ya Pasifiki, hospitali za kisasa, na metro iliyoanza kazi mwaka 2014, ya kwanza katika Amerika ya Kati. Dola ya Marekani inatumika tangu 1904. Balboa, fedha ya nchi, ipo kwa sarafu tu. Mmarekani anayelipia chakula kwa noti alizotoka nazo kwao hujiona mwenyeji siku ya kwanza. Wenyeji wa kweli, hata hivyo, wanaishi kwa Kihispania. Fundi bomba, karani wa serikali, muuguzi wa zamu na jirani wa mlango wa pili wote huzungumza lugha hiyo, na ziara inayoongozwa na dalali anayejua Kiingereza huuficha ukweli huo kabisa.

Kinachopotosha zaidi ni majira. Upande wa Pasifiki kiangazi huanza katikati ya Desemba na kuendelea hadi Aprili, miezi ambayo watu wa kaskazini hukimbia theluji. Mgeni hukuta anga jeupe, upepo na barabara kavu. Kuanzia Mei mvua hurudi, na Oktoba na Novemba huwa miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kuliko yote. Hapo ndipo nyumba hujieleza yenyewe: paa linalovuja, ukuta unaoota ukungu, njia ya udongo isiyopitika, nguo zisizokauka. Nyumba iliyopendeza Februari inaweza kuwa mzigo Oktoba. Upande wa Karibi, kama visiwa vya Bocas del Toro, haufuati hata kalenda hiyo. Huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Milimani mambo hugeuka. Mji wa Boquete, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari chini ya volkano ya Barú, una ubaridi unaomfariji aliyechoshwa na joto la pwani. Ndiko kwenye mashamba ya kahawa aina ya Geisha, yenye sifa duniani, ambayo mbegu yake ilitoka Ethiopia na kupitia kituo cha utafiti cha Lyamungo, Kilimanjaro, kabla ya kuvuka kwenda Amerika ya Kati. Lakini hata Boquete ina siri yake: kiangazi kinapotawala kwingine, upepo wa kaskazini husukuma manyunyu juu ya milima, na vitongoji viwili vya mji uleule vinaweza kuwa na hali ya hewa tofauti. Kuujua mji mmoja hakutoshi kuijua nchi.

Yapo pia mambo yasiyoonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani na visiwani haina hati miliki. Muuzaji huuza haki ya kuikalia tu. Kiwanja chenye mandhari ya bahari huonekana vilevile, kiwe na hati au kisiwe nayo, na tofauti hugunduliwa na wakili katika Masjala ya Umma, si na mnunuzi aliyesimama ufukweni. Kwa asiye mstaafu, katiba huhifadhi biashara ya rejareja kwa raia, na taaluma kadhaa, udaktari na uwakili zikiwemo, nazo ni za raia. Anayepanga kujikimu kwa duka dogo anapaswa kulijua hilo kabla hajakata tiketi.

Mwenye nia ya kweli na arudi Oktoba. Apange nyumba katika mtaa anaokusudia kuishi, anunue mboga sokoni, apande basi la kawaida, aende hospitali ya karibu kuuliza bei na kusubiri foleni, na alipe bili ya umeme ya mwezi mmoja akiwa na kiyoyozi. Kununua kungoje hadi awe amepanga nyumba humo kiangazi na masika.