Mugongo ni moja: kuchagua mufuko ya kupanda nayo mulima kuwinda

Mvula ikikatika mu mwezi wa ine ao wa tano, mu basi ya kazi kunaanza mazungumuzo moja tu: nani atakamata konje, nani ataenda pori. Batu banasema juu ya bunduki, juu ya risasi, juu ya motokari yenye itabeba batu mupaka ku muguu ya mulima. Juu ya mufuko, hakuna mutu anasema. Mutu anatosha gunia ya unga nyuma ya mulango, anafunga kamba mbili, anaenda.

Sisi ba delege ya sendika tunapenda leo tuzungumuze paka juu ya ile mufuko. Sababu ni moja: mugongo yenye inapanda mulima siku ya mposho njo ile ile yenye inarudia ku kazi siku ya kwanza. Hakuna mutu mwenye alipewa mbili.

Kwa nini mufuko ni mambo ya sendika

Tulikaa siku moja na mutumishi mumoja, mutoboaji wa majiwe, mbele ya bakubwa ya kampani moja yenye hatutataja jina. Mugongo yake ilikatala kisha miaka 14 ya mashini yenye kutetemesha mwili muzima. Alikuwa anaomba kazi ya mwepesi na faranga ya dawa. Mukubwa mumoja akamuuliza kwa upole: «Papa, konje yako unafanyaka nini?» Mutumishi akajibu kweli: anawinda. Kisha ile neno, mazungumuzo yote ikahama. Ikawa sawa vile kabuluku njo alivunja mugongo, haiko mashini.

Tulipigana miezi mingi juu ya ule mutumishi. Hatusemi batu baache kuwinda. Bengi kati yetu ni batoto ya bawindaji, na hata habari ya zamani ya Baluba na ya Balunda inaanza na muwindaji: Mbidi Kiluwe kwa bamoja, Chibinda Ilunga kwa bengine. Tunasema hivi: kama unapanda, panda na mufuko ya muzuri, na usipatie mutu sababu ya kukunyima haki yako.

Katanga inajua muzigo

Mbele reli ifike hapa Elisabethville, mu mwezi wa kenda mwaka 1910, bintu ilifika ku kichwa na ku mabega ya batu. Muzigo ya mubebaji mumoja ilikuwa karibu kilo 30, siku kwa siku, mu njia ya muguu. Reli ikaleta mashini, lakini mabega ya batu haikupumuzika: leo bashimbaji ya mukono banapandisha gunia ya majiwe, na bamama banabeba makala.

Mu mwaka 1967, Shirika la Kazi la Kimataifa, yenye tunaita BIT, ilitosha Konvansyo namba 127: mutumishi asilazimishwe kubeba muzigo yenye inaweza kuharibu afya yake. Mashauri namba 128 ya ule mwaka inasema kama mwanaume mukubwa anabebeshwa kupita kilo 55, inapaswa kupunguza haraka. Na pale banasema juu ya kazi. Habasemi juu ya kupanda mulima saa tano na majani inakufika ku kifua.

Hesabu mbele ya kuondoka

Kwa safari ya muguu, hesabu yenye bapanda milima banafwata ni hii: muzigo isipite moja ya ine ya uzito wa mwili wako, na kama ni moja ya tano, ni muzuri zaidi. Mutu wa kilo 64, mupaka yake ni kilo 16.

Sasa tuweke bintu. Mayi lita tatu, ni kilo tatu. Unga ya bukari, chumvi na samaki ya kukauka, kilo mbili na nusu. Sufuria na sahani, kilo moja. Blanketi na nguo ya baridi, kilo mbili na nusu, juu mu kipwa usiku ya kule juu ya uwanda inauma. Kisu, kamba, taa, kibiriti, dawa, kilo moja na nusu. Mufuko yenyewe, kilo mbili. Tayari tuko ku kilo 12 na nusu, na nyama haiyafika.

Kabuluku wa pori anaweza kupima kilo 15 ao 20. Nguruve wa pori, kilo 60 na zaidi. Ona sasa: mutu mwenye anashuka peke yake na nguruve muzima mu gunia, anabeba uzito ya mutu mwengine. Kwa hiyo, mbele ya kuongea juu ya mufuko gani, ongea juu ya batu ngapi. Kama ni nyama kubwa, mukuwe batu bane ao zaidi, mugawanye, ao mushuke mara mbili. Mwenye kusema «nitaweza» ni mutoto ya miaka 20. Sisi ya miaka 40 tunajua bei ya ile neno.

Kiuno njo ibebe, mabega ishikilie tu

Wenye balitumika chini ya udongo banakumbuka taa ya zamani: mwangaza iko ku kaske, lakini batri yenye uzito iko ku mukaba, ku kiuno. Hakuna mutu alifikiri kuweka batri ku kichwa. Mufuko ya muzuri inafwata akili ile ile. Iko na mukaba munene ya kiuno, yenye inakaa juu ya mifupa ya nyonga. Ukiifunga sawasawa, sehemu kubwa ya uzito inashuka ku nyonga na ku miguu. Mabega inabaki na kazi ya kushikilia mufuko isianguke nyuma.

Mufuko ya masomo ya batoto haina ule mukaba. Hata ukiona iko kubwa na ya rangi ya muzuri, uzito yote inavuta mabega, shingo inapinda mbele, na kisha saa mbili mikono inaanza kufwa ganzi. Ile si uchovu. Mukanda ya bega inakandamiza mishipa. Usiipandishe mulima.

Angalia tena kama ndani ya mugongo ya mufuko kuko chuma mbili nyembamba ao ubao ya plastiki ya nguvu. Ile njo mifupa ya mufuko. Pasipo ile, muzigo inajikunja sawa gunia, na sufuria inakupiga mu mugongo kila hatua.

Pima mugongo yako, haiko urefu wako

Batu mbili ya urefu moja banaweza kuwa na mugongo tofauti. Omba mama ya nyumba ao mutoto akupime na kamba. Pindisha kichwa mbele: ule mufupa yenye inatokea chini ya shingo, njo mwanzo. Kisha weka mikono ku kiuno, vidole gumba nyuma: pale mifupa ya nyonga inaanza, njo mwisho. Funga fundo mbili ku ile kamba, uende nayo ku soko. Urefu kati ya mukaba ya kiuno na pale mikanda ya mabega inatokea ikaribie ile kamba. Ikiwa mufupi, mukaba itakaa ku tumbo. Ikiwa murefu, mikanda itaruka hewani juu ya mabega.

Ku soko ya Kenya ao ku soko Mzee Kabila, mifuko mingi inatoka mu balo, ya Ulaya, ya zamani. Usiogope ya zamani. Ogopa yenye haukujaribu. Omba mwenye kuuzisha akuazime unga ya kilo 10, weka ndani, vaa, funga kiuno mbele, kisha mabega, tembea dakika kumi. Vuta kila mukanda kwa nguvu pale imeshonwa. Fungua na funga zipu mara kumi. Zipu ya kuchoka haitapona mu pori. Yenye inafungwa na kamba juu inadumu zaidi.

Na ukubwa? Kwenye bibandiko banaandika lita. Fikiri bido ya manjano ya lita 20. Kwa kwenda na kurudia siku moja, bido moja na nusu inatosha, ni lita 30. Kwa malalo mbili ao tatu, bido mbili na nusu mupaka tatu, lita 50 ao 60. Usikamate kubwa kupita ile, juu mufuko kubwa inaita bintu, na utaijaza.

Makelele, rangi na nyama

Kitambaa cha plastiki ngumu kinalia kikigusa majani. Kikwaruze na kucha yako pale pale ku soko: kama unasikia toka hatua tano, nyama atasikia toka mbali zaidi. Tafuta kitambaa laini. Rangi ya udongo ao ya majani inafaa wakati ya kwenda.

Wakati ya kurudia na nyama ku mugongo, ni kinyume. Muwindaji mwengine akiona ngozi na pembe inatembea mu majani, anaweza kupiga. Kamata jile yako ya zamani ya kazi, ile ya oranje, ifunge juu ya mufuko. Swala na kabuluku habaone oranje sawa sisi, lakini mutu anaiona toka mbali.

Nyama ya mupya usiiweke mu plastiki. Joto inabaki ndani, inaoza mbele ufike ku barabara. Iache ipoe mu kivuli, kisha ifunge mu kitambaa ya pamba, drapo ya zamani iliyofuliwa inafaa, nzi hawatapita na hewa itapita. Plastiki ni ya blanketi na kibiriti.

Kama faranga haiko

Tunajua mushahara yetu. Gunia ya nguvu inaweza kuwa mufuko, lakini acha kamba nyembamba na mipira ya ndani ya tairi. Kamba inakata bega, mupira unaruka-ruka na kuvuta mugongo kila hatua. Enda kwa fundi wa motokari, omba mukaba ya kiti ya motokari yenye imekufwa: iko pana na haivutike. Mushonaji ashone mbili kwa mabega, na blanketi ya zamani ndani yake, na moja kwa kiuno. Ngazi ndogo ya mbao nyepesi nyuma itakuwa mifupa.

Wakati ya kupakia, bintu ya uzito, mayi na unga, ikae katikati, karibu na mugongo. Blanketi chini, nguo na taa juu. Kwa kuvaa, usinyanyue toka udongo. Katanga haikosi bichuguu: weka mufuko juu ya kichuguu yenye inafika ku kiuno, geuka, ingia mu mikanda, simama na miguu. Na bunduki itembee bila risasi ndani wakati muko munapanda ao munashuka na muzigo. Mutu wa muzigo anateleza.

Njia ya haki

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inaomba permi kwa kuwinda. Mu parki ya Upemba, ya toka 1939, na ya Kundelungu, ya toka 1970, kuwinda kunakatazwa kabisa, hata kama babu yako alizaliwa pale. Upemba njo ingali na punda milia ya mwisho ya inchi yetu. Kuko mahali kwengine, sawa domeni ya uwindaji ya Lubudi-Sampwe, lakini hata pale panaomba permi. Ulizia ku ofisi ya mazingira kama kipindi kimefunguliwa. Mutumishi mwenye anakamatwa porini pasipo karatasi anaweza kupoteza bunduki, faranga, na siku za kazi.

Neno ya mwisho ni kwa mugongo yenyewe. Ukisikia maumivu ku kazi, sema siku ile ile kwa shefu wako, enda ku dispansere, omba baandike mu rejista, na ubaki na kopi. Usingojee konje iishe. Ile karatasi, ikiwa na tarehe ya mbele ya safari, njo ilikosa kwa ule mutoboaji wa majiwe. Kopi yake ingine mupatie delege wa ekipe yenu, tunaichunga. Na bamama: mbele baba aondoke, weka mufuko ku kilo ya soko, mugawanye kwa ine uzito wake. Ikipita, mutoshe kintu pale pale, ku mulango.

Safari njema, na murudie bazima.