Pato la Haramu Nalo Lilipiwe Kodi

Oktoba 1931 baraza la wazee wa mahakama mjini Chicago lilimkuta jambazi Al Capone na hatia, akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Kosa halikuwa mauaji wala magendo ya pombe. Lilikuwa kukwepa kodi ya mapato. Sehemu ya ushahidi ni vitabu vya hesabu vilivyokamatwa katika nyumba ya kamari huko Cicero, karani ameandika humo faida na mgawo wake. Wapo wanaosema serikali ilishindwa kumnasa kwa makosa makubwa ikapitia mlango wa nyuma. Hata kama ndivyo, deni lilikuwa la haki. Seremala anayeamka alfajiri huchangia barabara na mahakama, na jambazi hupita barabara hizo hizo. Kumwachia kodi kwa kuwa pato lake ni haramu ni kumpa nafuu ambayo mvuja jasho hapewi.

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani ya 1913 ilitaja biashara halali. Mwaka 1916 sharti hilo la uhalali likaondolewa. Manley Sullivan, muuza magendo wa South Carolina, alijitetea kwamba kujaza fomu ya kodi ni kujishtaki mwenyewe, jambo ambalo Katiba haimlazimishi mtu kulifanya. Hoja hiyo si nyepesi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ilimjibu kuwa fomu lazima ajaze, na likiwamo swali la kumtia hatarini, aweke pingamizi lake papo hapo. Wengine huona serikali inakula sahani moja na mwizi. Ingekuwa hivyo kama kulipa kodi kungemkinga na mashtaka, lakini hakumkingi hata kidogo.

Pingamizi zito zaidi linamhusu aliyeibiwa. Mwaka 1946 mahakama hiyo iliona kuwa fedha alizoiba mtumishi si pato lake, maana anadaiwa azirudishe. Mwaka 1961, katika kesi ya Eugene James, ofisa wa chama cha wafanyakazi aliyechota zaidi ya dola 738,000, ikageuza msimamo: alizishika, akazitumia apendavyo, basi ni pato; akizirudisha, atapunguziwa kodi ya mwaka huo. Jaji Hugo Black alipinga, akihofu kuwa kodi hiyo itatoka katika mali ya aliyeibiwa. Naona hofu yake ni ya kweli, kwa sababu mara nyingi mwizi hukamatwa akiwa amebakiza kidogo. Hata hivyo, dawa yake si kumfutia mwizi kodi. Sheria iweke zamu ya malipo: kinachopatikana kwa mwizi kimrudie kwanza mwenye mali, na hazina idai baada yake.