Je, Wajua? Umande Huifuata Randa Hadi Ndani ya Nyumba

Huko Bijombo, kwenye nyanda za juu za Uvira zinazopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, msumeno ulioning'inizwa katika nyumba isiyovuja hata tone huweza kuamka umelowa, kwa sababu chuma kilichopoa usiku kucha huchelewa kupata joto, na hewa ya asubuhi yenye unyevu ikikigusa, mvuke wake hugeuka matone. Hewa ya nyuzi joto 20 iliyobeba asilimia 60 ya unyevu inaoweza kuubeba huanza kutoa umande kwenye chuma cha nyuzi 12 hivi, nao ubaridi wa namna hiyo si jambo geni huko milimani. Ufukweni, ziwa Tanganyika likiwa kwenye mita 770 hivi, usiku hauna baridi hiyo, lakini unyevu upo, na kutu haisubiri tone lionekane: inatosha utando wa maji usioonekana kwa macho, ambao juu ya chuma kichafu hujijenga hata hewa ikiwa bado haijashiba unyevu.

Yanayotokea ndani ya tone moja yalielezwa katika miaka ya 1920 na U. R. Evans, mwanasayansi wa Cambridge. Oksijeni ya hewa huingia kwa wingi pembeni mwa tone na kwa uchache katikati, tofauti hiyo huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya chuma, na chuma cha katikati huyeyuka polepole huku kutu ikijipanga kama pete kuizunguka sehemu hiyo ya katikati. Kutu yenyewe ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, na kwa kuwa ina vinyweleo, haikifuniki chuma kilicho chini yake bali huuachia unyevu uendelee kupenya. Jasho la kiganja huharakisha kazi hiyo, maana chumvi yake hunyonya maji na kuupitisha umeme. Vivyo hivyo takataka za mbao mbichi zilizosalia katika mdomo wa randa, ambazo hushika maji na, zikiwa za mti wenye tanini (kemikali chungu ya magome na mbao, kama ile ya mkaratusi), hukiachia chuma doa jeusi lenye rangi ya buluu.

Madhara makubwa zaidi hayako pale yanapoonekana. Makali ya patasi ni mstari ambapo nyuso mbili hukutana, ule mteremko unaonolewa na mgongo ulio bapa, kwa hiyo shimo dogo la kutu mgongoni, hata kama leo liko mbali na ncha, litafikiwa siku moja na jiwe la kunoa na kuwa pengo linaloacha mstari katika kila ubao. Ndiyo maana mgongo ndio unaostahili kusafishwa kwanza, kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo au kitu kingine bapa. Kutu nzito hulainishwa na maji ya limau, ila asidi hiyo ikimaliza kutu huendelea kukila chuma chenyewe, hivyo kifaa huoshwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa, kisha kwa maji safi, na kukaushwa papo hapo. Kukikausha juu ya moto mkali ni kukiharibu, kwani ncha ikishageuka buluu, karibu na nyuzi joto 300, imepoteza sehemu ya ugumu wake.

Mafuta yanayopatikana kwa urahisi ufukweni ni mawese, na kwa siku chache yanafaa, lakini mawese yasiyosafishwa yana asidi zake ambazo huongezeka yanapochacha, tena katika baridi ya Bijombo huganda, na yakiganda huacha sehemu zisizofunikwa. Mafuta ya cherehani ni bora zaidi, nayo nta ya nyuki, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, hufaa sana ikichanganywa na mafuta kidogo na kupakwa kwa kitambaa jioni, chuma kikiwa bado kina joto la kazi. Tabaka likiwa jembamba linatosha, na asubuhi lifutwe kabla ya kugusa mbao, kwa kuwa mafuta yaliyoingia katika ubao huzuia gundi na vanishi kushika.