Ruhusa kwa watafiti si ruhusa kwa watafiti pekee

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na mwanafunzi niliyemsimamia katika tasnifu yake kuhusu Sheng ya zamani mitaani Jericho na Kaloleni. "Mwalimu, sauti ya mzee iko nje," aliniambia. "Watu wa ploti wanaiskiza kwa simu."

Mzee huyo alikuwa amesimulia ujana wake, akawataja kwa majina vijana aliorandaranda nao na vituko walivyovifanya kabla hawajawa wazee wa kanisa. Fomu ya idhini ilisema hivi: "Watafiti wanaruhusiwa kusikiliza rekodi hii." Mkutubi wa chuo, mtu makini kwelikweli, aliliingiza sharti hilo katika hazina ya kidijitali neno kwa neno: kundi la watafiti, ruhusa ya kusoma. Na ninakiri kwamba fomu ile niliipitia mimi mwenyewe nikaiona sawa.

Tulikosea wapi? Hazina hiyo hutumia DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard nchini Marekani, na ambayo vyuo vingi duniani huitumia kuhifadhi tasnifu. Ndani yake kila faili lina orodha ya ruhusa: kundi gani, linaweza kufanya nini. Kuna kundi moja ambalo mfumo wenyewe huliita Anonymous, yaani yeyote yule, awe na nywila au asiwe nayo. Mkusanyo ukiwa wa wazi, kila faili linaloingia hupewa moja kwa moja ruhusa ya kusomwa na yeyote yule. Mkutubi alipoongeza watafiti, hakumwondoa yeyote yule. Orodha ikawa na mistari miwili, na ule wa kwanza uliufanya wa pili kuwa bure.

Sasa ieleweke kwamba mfumo huu hauna mstari wa kukataza. Unajua kuruhusu tu. Asiyeruhusiwa ni yule ambaye hakuna mstari unaomtaja, si yule aliyefukuzwa. Kuongeza kundi hakuwezi kufunga mlango hata siku moja.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Ukiona bango kwenye lango la kota moja Buruburu, "Wakazi wanaruhusiwa kuegesha magari hapa," utaelewa kuwa mgeni haruhusiwi. Ilhali bango halikusema hivyo! Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba msikilizaji hudhani msemaji ametoa taarifa ya kutosha. Kama wageni pia wangeruhusiwa, wakazi wangetajwa peke yao kwa nini? Kwa hiyo tunalijazia neno "pekee" sisi wenyewe, kimyakimya. Mzee alilijazia. Mwanafunzi akalijazia, mkutubi akalijazia, nami pia. Programu haijazii.

Wakoloni, kwa upande wao, hawakuacha neno hilo lijaziwe na msomaji. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka 1931, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee, na "pekee" ile ilieleweka barabara na kila aliyetembea kutoka Eastlands kwenda mjini.

Fauka ya hayo, tunatumia "ruhusa" kwa mambo mawili yasiyolingana. Alichotoa mzee ni idhini: inatoka kwake, inahusu sauti yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuiondoa wakati wowote. Kinachotolewa na mfumo ndicho hasa ruhusa: mstari katika orodha, unaoandikwa na msimamizi ambaye pengine hajawahi kukanyaga Jericho. Nimeona fomu zinazoandika "ruhusa" kote, na baadaye hakuna anayejua ni ipi iliyovunjwa.

Turudi kwa rekodi. Mkutubi aliondoa Anonymous kwenye faili za sauti, akaacha kichwa na ikisiri ya tasnifu visomeke na wote, maana hilo halikumdhuru mtu. Kisha akabadilisha ruhusa za mkusanyo mzima. Hapo tena akagundua jambo: badiliko hilo linahusu faili zitakazoingia kuanzia siku hiyo. Zilizotangulia hubaki na ruhusa zilizozipata siku zilipoingia, hivyo ilibidi azipitie. Na nakala zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu za watu, hizo hazina wa kuzirudisha.

Mwanafunzi alikwenda kwa mzee kuomba radhi, nikaandamana naye. Tulibeba fomu mpya: "Watafiti waliosajiliwa na maktaba pekee ndio watakaosikiliza." Mzee aliisoma polepole, miwani ikiwa puani, akauliza, "Na wajukuu wangu je? Hao si watafiti."

Tukamwambia kwamba kwa fomu hiyo hawataweza.

"Basi waandikeni," akasema, akaanza kutuhesabia majina. Walikuwa saba. Mkutubi amewafungulia akaunti wote, pamoja na kundi lao lenyewe.