Utangulizi: Nani Huifuata Vita, na Nani Hufuatwa Nayo

Katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, kazi iliyoua watu wengi kuliko zote haikuhitaji bunduki. King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliingia vitani wakiwa na askari wapatao 2,400 na kumaliza wakiwa zaidi ya 30,000. Walipoteza askari elfu kadhaa, na kati yao zaidi ya 3,000 waliuawa na maradhi. Wapagazi waliowabebea chakula na risasi upande wa Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu. Hesabu ya serikali ilipita 40,000. Wanahistoria walioirudia baadaye wanakaribia 100,000. Katika orodha ya majukumu, mpagazi hakuhesabiwa kuwa mpiganaji.

Karibu, basi, katika somo la kazi za jeshi na hatari zake. Halina idara yake chuoni: wanahistoria, wanasosholojia, madaktari na watu wa takwimu hulilima kila mmoja kwa jembe lake. Swali lake kuu analijua kila mzazi ambaye mwanawe amejiunga na jeshi. Huyu kapangiwa ujenzi, yule karakana, mwingine ukarani. Je, wataiona vita?

Swali hilo ni maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja, na mjadala mwingi huharibika kwa sababu hatuyafungui. Kwanza, je, kazi yenyewe ni kumtafuta adui? Pili, kama siyo, adui anaweza kumfikia anayeifanya? Na tatu, ambalo husahaulika kuliko mengine, je, kuwa vitani kwenyewe kunaweza kumuua hata asipomwona adui?

Swali la kwanza halitutoi jasho. Askari wa miguu, wa vifaru na makomando hutumwa kumtafuta adui, na ndiyo maana wapo. Lakini katika majeshi mengi ya leo hao ni wachache. Wanaowahudumia kwa ugavi, ufundi, matibabu, mawasiliano na utawala ndio wengi, na vijana wengi wanaovaa magwanda huangukia huko.

Lililotuumiza sisi huku ni swali la tatu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia katika koloni la Wajerumani yakielekea kusini, farasi, nyumbu na ng'ombe wao walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Barabara za magari hazikuwapo, na mvua ilizimeza zilizochongwa. Kilichobaki ni mabega ya watu. Sasa tupige hesabu. Tuchukulie kwamba mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi, amekula kilo 20, na kilichomfikia askari ni kilo tano. Ukirefusha mwendo kwa siku mbili na nusu tu kila upande, hakifiki kitu. Ili jeshi lisonge mbele ilibidi wawepo wapagazi wa kuwabebea wapagazi wengine chakula, na ndivyo mahitaji yalivyopanda hadi mamia ya maelfu ya watu wakakusanywa, wengi kwa nguvu.

Walikufa kwa nini? Kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu wa nyanda za juu walishushwa katika mabonde yenye mbu ambao miili yao haikuwazoea. Waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, na safarini hapakuwa na muda wala kuni za kuuivisha vizuri. Posho ilipopungua, aliyeko mwisho wa mstari ndiye aliyekosa. Upande wa pili, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye alikuwa na wapagazi, na vijiji alivyopitia vililipa kwa njaa. Anayetafuta risasi tu katika historia ya vita hivi atapitwa na sehemu kubwa ya wafu.

Katika swali la pili nina mfano nisioacha kuutaja, maana unatibua kila jedwali la hatari. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki waliokuwa safarini kuelekea vita dhidi ya Wajapani, na pamoja nao walikuwamo wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300. Mpiga mizinga na muuguzi walikuwa na kazi mbili tofauti kabisa, na bahari haikuwatofautisha. Wote walikufa wakiwa abiria.

Nchi kavu nako kuna yake. Machi 23, 2003, katika mji wa Nasiriyah nchini Iraq, msafara wa kombania ya 507 ya matengenezo ya jeshi la Marekani ulipotea njia na kujikuta katikati ya adui. Waliokuwamo walikuwa mafundi, madereva na makarani wa bohari. Shoshana Johnson, mmoja wa waliotekwa, alikuwa mpishi. Askari 11 waliuawa. Tangu 1943 jeshi hilo lilikuwa na beji ya mapigano ya askari wa miguu peke yao, na wahudumu wa tiba wakapata yao baadaye. Ilipofika 2005, baada ya mabomu ya barabarani kumgeuza dereva wa lori kuwa mlengwa wa kila siku, ikaanzishwa beji nyingine kwa askari wa kada zilizobaki. Mwaka huohuo Leigh Ann Hester, askari wa polisi jeshi, alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Silver Star kwa kupambana na walioushambulia msafara, ingawa kanuni za wakati huo hazikumruhusu mwanamke kuwa askari wa miguu. Kanuni ziliendelea kueleza vita yenye mstari wa mbele, na Iraq hapakuwa na mstari huo.

Hata jina la operesheni nzima linaweza kudanganya. Desemba 7, 2017, huko Semuliki, Kivu Kaskazini, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambini mwao, katika shambulio lililodumu kwa saa nyingi.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba basi kazi zote ni sawa. Hilo si kweli, na ni uvivu. Katika Vita Kuu ya Pili, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilikuwa na watu walioruka na ndege hizo wapatao 125,000, na zaidi ya 55,000 walikufa. Mafundi waliozitengeneza ndege hizohizo, wakilala katika viwanja vilevile, walikuwa na uhakika mkubwa zaidi wa kurudi kwao. Jina la kazi lina uzito wake. Ila usilisome kabla hujajua ni vita gani, mwaka gani, barabara ipi, na adui ananuia kukata nini. Mara nyingi huanza na chakula na mafuta, na hivyo vina wabebaji.

Anayeanza utafiti nampa ushauri wa kinyume na mazoea: aziache kwanza ramani za mapambano. Aanze na daftari za mishahara, orodha za hospitali na hesabu za posho, kisha asome kitabu cha Geoffrey Hodges kuhusu Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi hao wa Waingereza, kilichotoka mwaka 1986. Kazi iliyobaki ni kubwa. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama kwenu kuna mzee anayejua jina la babu aliyechukuliwa upagazi asirudi, liandike, andika na kijiji alikotoka, na upeleke nakala katika nyaraka za taifa.